Waliopulizia Dawa Mijohoro Yetu

Nilikuwa nimeshika ukuta wa jiko kwa mkono mmoja, na mate yananitoka kama ya ng'ombe anayecheua. Kutapika kulikuja baadaye. Hapo ilikuwa mate tu, yanajaa, natema, yanajaa tena. Macho nayo yakaanza kunifanyia vituko. Jua la mchana wa Singida, lile linalochoma mpaka mawe, mimi naliona kama jioni ya mawingu. Nyama za mkono zikawa zinarukaruka zenyewe chini ya ngozi. Nikajua kuna kitu nimekila, na kitu chenyewe hakina utani.

Nikageuka kumtafuta mwanangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, tumbo lake la mimba ya kwanza limemlalia mapajani, na mkononi ana bakuli.

"Hiyo supu," nikamwambia, "umekunywa?"

"Nimemaliza, mama. Tamu kweli. Imebaki nyingine?"

Nimezika mume. Nimezika wazazi wote wawili. Lakini neno baya kuliko yote niliyowahi kusikia ni hilo la mwanangu, "nimemaliza", tena kalisema anacheka. Nikataka kumfuata, miguu ikakataa. Nikakaa chini kwenye majivu na kuanza kumwomba Mungu kwa Kinyaturu, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Basi. Mimi nipo, ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa mimi na kalamu tulishaachana darasa la nne. Naandika kwa sababu nimechoka kusimulia kwa mdomo. Ukisimulia kwa mdomo watu wanakwambia, "Pole, ndiyo dunia." Dunia haikupulizia dawa miti yetu. Waliopulizia ni watu, na watu hao nawajua mmoja mmoja, na wao wanajua kuwa nawajua. Majina yao sitayaandika. Mtaani kwetu hata mtoto anayetumwa chumvi atakuonyesha nyumba zao.

Tunakaa Utemini, ile ya ndani, kwenye njia ya vumbi iliyopandwa mijohoro huku na huku. Tulihamia tukaikuta. Upepo wa hapa unajulikana, unaweza kukuvua kilemba sokoni ukakuacha na aibu yako, na mijohoro hiyo ndiyo inayotupunguzia. Kivulini mwake tunauzia maandazi, tunasukia nywele, tunasengenyea.

Kila mwaka mvua za kwanza zikishika, wanakuja vipepeo wa njano, wengi, wepesi kama karatasi. Baada yao wanakuja viwavi wa kijani. Wanaanza na majani machanga juu kabisa, wanashuka nayo. Ukisimama chini asubuhi kukiwa kimya, unasikia wanavyotafuna. Kwa muda mfupi miti inabaki mifupa. Mgeni akiona anasema imekufa. Haijafa. Mjohoro ukivuliwa nguo na viwavi unavaa nyingine, na mvua ikizidi kukolea unakuwa mzito kuliko mwanzo. Sisi hatujawahi kuupigia dawa. Tulikuwa na kuku.

Sijui nani alianzisha, nilipofika nilikuta wanawake wanafanya hivyo. Asubuhi unatoa mchi wa kinu, unaufunga kitambaa usijeruhi gamba la mti, unapiga shina: du, du, du. Viwavi wanaporomoka. Kuku wakisikia du ya kwanza tu wanakuja mbio, shingo mbele, mabawa wamekunjua, wa kwako, wa jirani, hata wa njia ya pili. Mwaka mzima unahangaika na pumba na makapi ya mtama, lakini wakati wa viwavi kuku wanajilisha wenyewe, na mayai ya wakati huo kiini chake kina rangi ya embe bivu. Kuku wetu walikuwa wamezoea sana mlio ule, hata mtu akitwanga mahindi ndani wanakuja kusimama mlangoni wakidai haki yao.

Kisha akaja mwenye ukumbi.

Huyu bwana alipata mali yake kwenye machimbo upande wa Sekenke, akaja mjini, akajenga ukumbi wa sherehe mwisho wa njia yetu. Ukumbi mzuri, siwezi kusema uongo. Vigae vinang'aa, maua yamepangwa getini, na mashina ya mijohoro ya mbele kayapaka chokaa nyeupe kama miguu ya wanafunzi wenye soksi. Tatizo lilianza harusi moja wakati wa viwavi. Bibi harusi anashuka kwenye gari, taratibu, kwa madaha, wapambe wamemshikia gauni, na kiwavi mnene akadondoka kutoka juu akatua kwenye shela. Hakupiga kelele mara moja. Alimtazama kwanza. Halafu akakimbia na gauni lake kurudi garini, akafunga mlango, akasema hatoki. Sisi tulikuwa tumesimama upande wa pili tunaangalia harusi kama kawaida yetu, na tulicheka. Nadhani mwenye ukumbi hakutusamehe kicheko kile.

Siku ya pili akaja mtaani amekunja uso.

"Hii miti naikata."

"Ulipanda wewe?" jirani yangu akamuuliza. Jirani huyu ni muuza mafuta ya alizeti, mwanamke mrefu, hana haya mbele ya mtu yeyote, na kwangu ni zaidi ya ndugu.

"Basi naipiga dawa."

"Kata matawi yanayoinamia geti lako tu," nikamwambia mimi. "Viwavi hawaruki, baba. Watadondoka kwetu, na kwetu wanapendwa."

"Kile kivuli ndicho wageni wangu wanaegeshea magari. Sikati tawi."

"Kama ni dawa basi tuambie siku," akasema jirani. "Tufunge kuku ndani."

"Nitamwambia balozi."

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amesimama hapo hapo, mikono nyuma, kifua mbele. Akajibu kabla hajaulizwa: "Neno likinifikia mimi, nyumba zote zitajua kabla hamjachemsha chai."

Tulikubaliana hivyo, mchana kweupe, watu wazima wote. Naomba msomaji asimame hapo kidogo aliweke moyoni, maana baadaye watakuja kusema hapakuwa na makubaliano.

Sasa siku yenyewe. Mwanangu ameolewa Ihanja, na kwetu mimba ya kwanza binti anarudi kujifungulia kwa mama yake. Nilitoka mapema kwenda kumpokea stendi. Gari lao lilichelewa, tukarudi jua limeshapanda. Tuliposhuka kwenye bajaji nikaona majani ya mijohoro yana unyevu, mengine yanadondosha. Nikadhani huku kwetu kumepita manyunyu, maana mvua ya hapa inaweza kunyesha kwa jirani ikakuruka wewe. Kulikuwa na harufu kidogo, kama ya kitunguu kilichoozea kwenye gunia, lakini upepo ulikuwa unaichukua. Nikasema moyoni, hilo shimo la choo la ukumbini limejaa tena.

Walikuwa wamepulizia asubuhi hiyo. Mpulizaji alikuja na bomba lake la mgongoni, kapiga miti ya mbele ya ukumbi, halafu, kwa kuwa alibakiwa na dawa, akaendelea kushuka na njia yetu mti kwa mti. Hakugonga mlango hata mmoja. Wachache waliomwona walidhani anamwagilia.

Mwanangu alicheka kuona mchi umeegemezwa ukutani. "Mama, bado mnaipiga miti?"

"Tuache kwa nini? Umekuja na bahati, subiri uone."

Akabaki mlangoni na mkoba wake. Mimi nikaenda mpaka shinani, nikapiga. Wacha wee. Viwavi walishuka kama mtama unaomwagwa kutoka kwenye gunia, kuliko siku yoyote niliyowahi kuona, na matone yakanilowesha kichwa na mikono. Wengi walikuwa hawajikunji. Niliona hilo, nikafikiri ni baridi ya mvua. Nikawaita wenzangu: "Jamani, leo Mungu kawamwagia kuku!" Na wao wakatoka na michi yao, njia nzima ikawa du, du, du, kuku wanakula wanagongana vifua.

Nilimkamata jogoo wangu mnene kwa ajili ya mgeni, kabla hajashiba; hakutaka hata kutoka. Binti mwenye mimba akirudi kwa mama yake bila kuchinjiwa kuku, hiyo itasemwa mpaka Ikungi.

Mchinjaji wa mtaa wetu ni mzee mmoja Mwislamu. Sisi Wakristo nasi tunampelekea yeye, ili nyama ikiiva mtu yeyote apitaye aweze kukaribishwa. Nikamwamkia, akaitikia, akamchinja jogoo wangu kwanza kwa sababu nina mgeni. Nikaondoka. Yaliyofuata nimesimuliwa na jirani.

Anasema sijafika mbali, tetea mmoja akaanza kutembea kama amekunywa pombe ya mtama. Akazunguka, akaketi, mabawa chini. Akafuata mwingine. Watu wakapiga kelele neno moja: "Mdondo!" Mdondo ndiyo ugonjwa tunaoujua sisi wafuga kuku, na ukiingia dawa yake tunayoijua ni kisu. Unamwahi kuku akiwa bado na uhai, maana akifa ni kibudu, hafai kwa Mwislamu wala kwa Mkristo mwenye kujiheshimu. Mdondo haumdhuru mlaji, wazee wetu wamekula kuku wa mdondo wakazeeka vizuri. Kwa hiyo wakaanza kukimbilia kwa mzee, kila mtu na kuku wake kwapani.

"Babu, wangu kwanza, huyu anakata roho!"

"Na wangu je, anaimba?"

"Pangeni mstari. Mimi si mashine ya kusaga."

Alichinja, alichinja, halafu akasimama na kisu mkononi akatazama njia. Kuku walikuwa wamelala kila mahali, wengine wanapiga miguu. Akasema, "Mdondo gani huu? Mdondo unamchukua mmoja, unalala, unaamka na mwingine. Hawa wameanguka pamoja kama walioitwa. Mimi sichinji tena. Na hizo nyama msile mpaka tujue."

Maneno hayo yalipotoka mdomoni mwake, mimi sufuria yangu ilikuwa inachemka.

Sasa niseme habari ya firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Unaipika, unaiweka juu ya sahani yake aione, na siku ikikosekana kuna maswali. Miaka yote ya ndoa yangu niliosha firigisi, nilikaanga firigisi, nilipeleka firigisi, sikuwahi kuila. Marehemu mume wangu hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwahi hata kusema, "Mama watoto, chukua kipande." Siku hiyo nilikuwa na jogoo wangu, kwenye nyumba yangu, na hakuna baba. Nikaichana, nikayamwaga yaliyomo, nikaisuuza haraka haraka, nikaiweka juu ya makaa na chumvi. Na ini nalo. Nikala nimesimama, peke yangu, wakati supu ya mtoto inaiva. Ilikuwa tamu, siwezi kuidhulumu.

Baadaye, nilipopona, jirani alinitania mbele ya watu: "Shoga yangu, mume kakuachia firigisi, ukataka kumfuata nayo!" Wakacheka wote, nami nikacheka. Lakini hapo jikoni hapakuwa na wa kucheka. Nilikuwa kwenye majivu, mate yananitoka, mwanangu ameshika bakuli tupu, ndipo jirani akaingia mbio anapiga kelele, "Msile! Msile! Babu kasema msile!"

Akatuona. Akageuka kuita bajaji.

Alitubeba kwenye bajaji. Mimi natapika nje upande mmoja, mwanangu upande mwingine kashika tumbo. Nikimuuliza unasikiaje, ananijibu, "Sijui, mama. Kama kichefuchefu. Labda ni woga." Nilitaka iwe woga. Nilimwomba Mungu iwe woga.

Hospitali tulipokelewa na daktari binti, mdogo kwa mwanangu nadhani. Hata katika haraka yake alisema, "Shikamoo, mama," ndipo akanifunua macho akamulika na tochi. "Mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mama, hii ni sumu ya wadudu. Umeshika dawa gani? Umekula nini?"

"Nimekula kuku."

"Kuku alikula nini?"

Hapo ndipo akili yangu, ingawa imelewa, ikakusanya vitu. Majani yaliyolowa. Harufu. Viwavi wasiojikunja. Nikasema, "Wamepiga dawa miti," na jirani akasema neno ambalo siliandiki hapa.

Daktari alinichoma sindano mara moja, hakusubiri. Nguo zangu zikavuliwa, nikaoshwa kwa sabuni mpaka kichwani, maana alisema yale matone yaliyonimwagikia yamenidhuru pengine kuliko firigisi yenyewe. Shida ilikuwa mwanangu. Dalili zake zilikuwa kidogo, lakini ana kiumbe tumboni. Daktari akasema dawa za wadudu ziko nyingi, nyingine inakwisha upesi, nyingine inakaa mwilini inakuja kumrudia mtu akiwa ameshajiona mzima. "Lazima tujue ni ipi. Kuna mtu anaweza kuuliza?"

"Yupo," akasema jirani, akaondoka.

Alimpigia balozi kwanza. Simu haipatikani. Balozi ambaye simu yake huwa inaita mpaka kwenye ibada, siku hiyo haipatikani. Akaenda ukumbini. Mlinzi akamwambia bosi hayupo. Ilikuwa siku ya harusi, wapishi wako ndani, wapambaji wanafunga vitambaa. Jirani hakubishana naye. Alirudi mtaani, akaokota kuku waliokufa, yeye na wanawake wenzake, wakawafunga miguu kwa kamba, wakawatundika kwenye geti la ukumbi, mmoja baada ya mwingine, vichwa chini, juu ya yale maua. Halafu wakakaa chini mbele ya geti.

Magari ya wageni yakaanza kufika.

Bosi aliyekuwa hayupo akatokea.

"Mama, ondoa mizoga hii! Nina watu!"

"Taja dawa."

"Dawa gani? Twende tukaongee ndani kistaarabu."

"Mwenzangu yuko hospitali na binti yake mjamzito. Taja dawa uliyopuliza nami nitaondoa."

"Sijapuliza mimi! Kuna kijana wa kazi—"

"Mpigie."

Anasema mama wa bwana harusi alishuka kwenye gari akauliza kuna nini, na alipoambiwa, akakaa naye pale chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya. Huyo mama simfahamu. Popote alipo, Mungu amlaze pema akifika siku yake, na siku yake iwe mbali.

Mpulizaji akapigiwa, simu ikawekwa sauti kubwa. Akajibu bila wasiwasi: dawa kapewa na muuza dawa wa sokoni, kamiminiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa sababu kopo zima bosi hakulitaka. Ni ile ya pamba, kali, inayomaliza. Eti muuza dawa alimwambia ile ya maua ya nyumbani ilikuwa imeisha, na "wadudu ni wadudu". Jirani akalazimisha jina la dawa litajwe polepole, akalirudia kwenye simu yake kwa nesi aliyekuwa akituhudumia. Mimi mpaka leo siwezi kulitamka. Daktari aliweza.

Aliposikia jina alivuta pumzi. Akasema hiyo wanaifahamu, na sindano aliyonipa ndiyo yenyewe. Akasema tutalala pale wote wawili tuangaliwe, na kwamba supu ilichemka sana na mwanangu hakuguswa na matone, hivyo ana matumaini. Halafu akachukua kile kipembe chao cha kusikilizia mtoto, akakiweka kwenye tumbo la mwanangu, akaweka sikio.

Kimya.

Akakisogeza. Kimya tena. Mimi kwenye kitanda cha pili nimeinua kichwa, ulimi umekauka kama ngozi kwa sababu ya ile sindano, siwezi hata kumeza.

"Yupo," akasema daktari. "Amejificha tu upande. Anapiga vizuri. Anacheza, hebu weka mkono, mama mtarajiwa."

Mwanangu akaweka mkono, akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikaanza kucheka. Kicheko kikavu, kibaya, kama mlango usiotiwa mafuta. Wagonjwa wengine wakageuka. Sikujali. Tangu siku hiyo mimi nikisikia mtu anasema moyo umetulia, najua kwa mwili anasema kitu gani. Ni kama unashusha mtungi uliokuwa umeubeba kichwani kutoka mbali, na shingo inabaki inaelea.

Alijifungua wakati wake, pale pale hospitali, mtoto wa kike. Mzima. Vidole vyote, macho yote, sauti ndiyo imezidi. Akilia, jirani anasema, "Huyo ni lori la vitunguu, anapiga honi, mpisheni." Ananyonya kama ana mkataba. Nilikuwa namkagua kila siku, nanusa kichwa chake, namfunua kope, mpaka mwanangu akanikataza: "Mama, mwache, si mbuzi wa mnadani." Siku niliyoweza kukaa naye kivulini nisimkague, niligundua nimekaa mpaka jua limehama na mimi sijaogopa kitu. Nilikuwa nimesahau kuogopa. Hilo ndilo ninalolishukuru zaidi hata ya kupona kwangu.

Na miti ilirudi. Mvua zilipokolea ikavaa majani upya, kama kawaida yake, kama ambavyo ingefanya bila dawa ya mtu. Wakwe wa Ihanja walileta matetea na jogoo kumpongeza mzazi, nami nikaanza tena ufugaji. Msimu uliofuata viwavi wakaja. Wanawake walikaa mbali na miti kwanza, hakuna aliyetaka kuwa wa mwanzo. Mzee mchinjaji akatoka akavunja tawi, akawatazama viwavi wanavyojikunja, akatuambia, "Hawa wana afya kuliko nyinyi. Pigeni." Tukapiga. Kuku wakaja mbio. Sikuamini nitafurahi kusikia mlio ule tena, lakini nilifurahi.

Mwenye ukumbi naye alikata yale matawi ya getini. Matawi machache tu! Kazi ya nusu siku, kwa panga na ngazi. Na maua yake yakishikwa na wale wadudu weupe kama pamba, mlinzi anayaosha kwa maji ya sabuni, na yanastawi. Kumbe iliwezekana.

Alikuja nyumbani, siwezi kusema hakuja. Alikuja na mabakuli ya pilau la sherehe, akakaa, akamsifu mtoto. Akasema, "Mama, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele niliugua mimi," nikamjibu. "Pilau nashukuru. Nilichokuuliza, kwa nini hatukuambiwa, hujanijibu."

Akainamisha kichwa, akaaga.

Nimeuliza kote. Muuza dawa anasema yeye anauza, hapulizi. Mpulizaji anasema yeye anatumwa, na alipomuuliza bosi kama watu wameambiwa, aliambiwa piga kazi. Mwenye ukumbi anasema alimwambia balozi jioni ya kuamkia siku ile, kwa mdomo wake. Balozi anasema hakuambiwa kitu, na simu yake iliisha chaji. Kila mmoja ana mlango wake wa kutokea, na mlango huo unafungukia kwa mwenzake.

Wawili wa mwanzo nimewasikia. Ni watu wabaya wa kazi, lakini walichofanya wamekisema. Hawa wawili wa mwisho hawawezi kuwa wakweli wote. Ama mwenye ukumbi hakusema, akaona kuku wa wanawake wa uswahilini si kitu cha kuchelewesha harusi. Ama balozi aliambiwa, akaona uvivu kutembea nyumba kumi asubuhi, na akazima simu aliposikia kishindo. Mmoja wenu, nyinyi wawili, alijua kwamba dawa inapulizwa juu ya vichwa vyetu, akanyamaza, na mwanangu akanywa ile supu.

Mnapita mbele ya nyumba yangu kila siku. Mnanisalimia, naitikia. Sitaki mabakuli, sitaki pole ya kanisani wala ya msikitini. Kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu, simameni wote wawili, mnitazame mimi na mwanangu, na mmoja aseme: ni mimi. Ni nani kati yenu?